Ramani Imetoka Marekani, Kiwanja Kipo Wawi

Ukurasa wa Nyumba: wasomaji wanauliza, mshauri wetu wa ujenzi anajibu

SWALI

Assalaam alaykum, Mshauri. Mimi na mume wangu tuna kiwanja cha mita 20 kwa 30 Wawi, karibu na Chake Chake, na baada ya miaka mingi ya kudunduliza tumejaaliwa kufikia hatua ya kuanza msingi. Shemeji yangu anayeishi Ohio, Marekani, ametuletea ramani ya nyumba ambayo huko wanaiita ya kikoloni. Ni nyumba ya chini na juu, yenye futi za mraba 2,400. Mlango mkubwa uko katikati, madirisha ni manne chini na matano juu, vyumba vinne vya kulala vyote viko juu, na chini kuna sebule, chumba cha kulia, jiko lililo wazi, sehemu ya kuotea moto na chumba kilichochimbwa ardhini. Tuna watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, na mama mkwe anaishi nasi, naye magoti yake hayampi raha. Fundi wetu ameitazama akasema anaweza kuijenga kama ilivyo. Mume wangu ameipenda sana. Mimi naipenda sura yake, lakini moyo wangu haujatulia. Je, tuichukue, tuiache, au tuibadilishe?

Mama wa watoto wanne, Wawi, Pemba

JIBU

Waalaykumu salaam, dada yangu. Kusita kwako ni kwa haki, na mapenzi ya mume wako kwa ramani hiyo nayo yana sababu, kwa hiyo ninajibu nikiwafikiria nyote wawili. Uchukueni mpangilio wa nyumba hiyo na uwiano wa uso wake. Lakini paa, upenu (ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta), kuta, jiko na mahali pa ngazi vichorwe upya kwa ajili ya Pemba, na vichorwe kabla fundi hajachimba hata shimo moja la msingi.

Tuanze na jina, kwani linawapoteza watu wengi. Wamarekani wanaposema nyumba ya kikoloni wanakusudia sura ya nyumba zilizojengwa na walowezi wa Kiingereza na wa Kiholanzi katika yale makoloni 13 kabla hayajajitangazia uhuru mwaka 1776, sura ambayo baadaye iliachwa, ikapendwa upya baada ya maonyesho ya miaka 100 ya taifa lao yaliyofanyika Philadelphia mwaka 1876, na hadi leo inauzwa katika vitabu vya ramani. Ramani yenu, yenye uso uliogawika sawasawa kulia na kushoto, ni ya aina iliyopewa jina la wafalme wa Uingereza walioitwa George, ambao wa kwanza wao alianza kutawala mwaka 1714. Hapa kwetu neno hilohilo linaleta picha nyingine. Mtu wa Wete au wa Vuga akisikia nyumba ya kikoloni anaziona nyumba za maofisa wa Kiingereza wa wakati wa himaya, tangu 1890 hadi 1963, zenye dari refu, veranda pana na paa lililojitokeza nje ya ukuta. Wala veranda hiyo hawakuileta wao, kwani Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja mwaka 1883 aliizungushia roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma. Basi nyumba mbili zina jina moja, ilhali moja imelelewa na theluji na ya pili imelelewa na jua.

Hata huko Marekani kwenyewe nyumba hizo hazikujengwa kwa namna moja. New England, kaskazini, dohani, yaani bomba la kutolea moshi wa moto wa ndani, iliwekwa katikati ya nyumba ili joto lake lisipotee. Virginia, kusini, ambako miezi ya joto ni mikali, dohani zilipelekwa kwenye kuta za mwisho ili joto la moto litoke nje, na ukumbi wa katikati ukawekewa mlango mbele na mlango nyuma ili upepo upite, watu wakawa wanakaa humo joto linapozidi. Kwa hiyo mume wako asione kwamba kuibadilisha ramani ni kuiharibu. Waliobuni nyumba hizo walizibadilisha wao wenyewe kila walipohama.

Ukumbi huo wa katikati ndio hazina ya ramani yenu, na ningependa muulinde kuliko kitu kingine chochote. Pemba tunavumiwa na kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi, kisha kusi inashika zamu kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Nyumba ikilazwa kwa urefu wake mashariki na magharibi, uso wake mrefu wa mbele na wa nyuma utatazama kaskazini na kusini, na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani utapokea upepo wa misimu yote miwili. Vilevile vyumba vinne vya juu viko pembeni, kila kimoja kina madirisha kwenye kuta mbili, nalo ni jambo ambalo nyumba nyingi zinazojengwa sasa hazina. Jua nalo linakubaliana na mlalo huo, kwa sababu kuta zinazochomwa vibaya ni za mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la alasiri huingia likiwa chini, na kuta hizo zitakuwa zile fupi.

Upenu ndio kasoro kubwa ya ramani hiyo. Nyumba za kikoloni za Marekani zina upenu mfupi sana, pengine wa shubiri moja au mbili, kwa kuwa wakati wa baridi wenyewe wanalitaka jua liingie ndani. Pemba ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la saa sita mchana linaegemea kaskazini kwa karibu nyuzi 29 kutoka utosini, na Disemba linaegemea kusini kwa nyuzi 18 hivi. Ukipiga hesabu, upenu wa mita 1.1 unatosha kutia kivuli ukutani hadi mita 2 chini yake wakati huo wa mchana mwezi wa Juni, na Disemba unahitaji mita 0.65 tu. Upenu wa paa utayakinga madirisha ya juu, lakini ya chini yako mbali mno, na dawa yao ni veranda ya mita 2 mbele na nyuma kwa urefu wote wa nyumba. Itakinga jua, itakinga mvua ya masika inayopigwa na upepo, na itakupeni baraza ya kukaa. Sura ya mlango katikati na madirisha yaliyopangika haitapotea. Itakaa nyuma ya nguzo, na kwa macho yangu itapendeza zaidi.

Madirisha msiyafanye ya kioo cha kuteleza, ambayo hata yakifunguliwa yote nusu yake hubaki imefungwa. Zile mbao za pembeni mwa madirisha mnazoziona kwenye picha, kule Marekani siku hizi mara nyingi ni pambo lililopigwa misumari ukutani. Mji Mkongwe zilikuwa na kazi: zilifungwa wakati wa jua kali huku upepo ukipita katikati ya vipande vyake vilivyolala mshazari. Nanyi zifanyeni za kufungika kweli.

Sasa tuingie ndani, ambako nadhani ndiko moyo wako unakosita. Katika ramani hiyo mlango ukifunguliwa, mgeni anakutana na ngazi uso kwa uso, na binti anayeshuka kutoka chumbani kwake anaonekana na kila anayepiga hodi. Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba ya Kiswahili ya mawe ilikuwa na daka, yaani kibaraza cha mlangoni cha kuingilia, na njia ya kuingilia ilipinda ili anayepita barabarani asione ndani. Igeuzeni ngazi ianzie upande wa nyuma wa ukumbi, ikiwa imefichwa na ukuta mfupi, na mbele mjenge daka lenye baraza mbili za kuketi, lenye mlango wa mbao unaostahiki nyumba. Upepo bado utapita iwapo sehemu ya juu ya ukuta huo itawekwa tundutundu.

Sebule upande mmoja wa ukumbi na chumba cha kulia upande wa pili ni mpangilio ambao Wamarekani wengi wa leo wanauona wa zamani, wakabomoa kuta wakafanya uwanja mmoja mkubwa. Ninyi msibomoe. Chumba kimoja kitakuwa cha wageni wanaume na cha pili cha wanawake, na siku ya maulidi, ya posa au ya msiba utashukuru kwamba kila upande una mlango wake na hakuna anayembana mwenzake. Nyuma ya sebule, palipochorwa sehemu ya kuotea moto na chumba cha familia, tieni chumba cha mama mkwe chenye choo ndani, kisicho na kizingiti wala ngazi, na mlango wake uwe na upana wa sentimita 90 kamili ili hata akihitaji kiti cha magurudumu apite. Kumpa chumba cha juu mzee mwenye magoti mabovu ni kumfungia ndani, na hilo sitalikubali katika ramani yoyote ninayoulizwa. Sehemu ya moto na chumba cha ardhini vifutwe tu.

Vyoo vitazameni kwa makini, kwa sababu mchoraji wa Ohio hakulifikiria jambo hili. Pemba na Makka zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na ushei, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, takriban moja kwa moja. Kila choo kiwekwe ili anayekaa aelekee mashariki au magharibi. Kubadilisha hili kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache. Kulibadilisha baada ya mabomba kuzikwa ni gharama na majuto.

Jiko lililo wazi linawafaa wanaopika kwa dakika 20 na kula. Sisi tunakuna nazi, tunakaanga samaki, tunachoma muhogo, na mwezi wa Ramadhani moshi hauishi. Jiko la ndani liwe dogo, la gesi, lenye mlango wa kufunga. La pili liwe uani, chini ya kipaa kilichoshushwa kutoka ukuta wa nyuma. Walowezi wa New England waliokuwa wakihitaji nafasi zaidi walifanya hivyohivyo: waliliteremsha paa la nyuma mpaka chini wakapata vyumba vya ziada, na uso wa mbele ukabaki kama ulivyo. Nanyi siku mkitaka kupanua, panueni nyuma, kwa kuwa ukiongeza chumba upande mmoja wa mbele, ule usawa unaoipa nyumba hiyo heshima unavunjika.

Limebaki neno la fundi kwamba anaweza kuijenga kama ilivyo. Simdharau, lakini ramani hiyo ni ya kuta za fremu za mbao. Ukuta wa ndani wa Kimarekani una unene wa sentimita 11 au 12. Wetu wa tofali la inchi 6, ukishapigwa plasta pande zote mbili, unafika sentimita 18. Bafu lao la futi 5 limekadiriwa lienee beseni la kuogea la urefu huohuo, na kuta zikinenepa kwenda ndani, beseni halitaingia. Vipimo vyote vibadilishwe kuwa mita, na jumla yenu ya futi za mraba 2,400 ni kama mita za mraba 223, kisha vichorwe upya kwa unene wa matofali. Uzito nao si mmoja. Kuta za matofali za juu zinahitaji msingi, nguzo na mihimili iliyopigiwa hesabu na mhandisi, na tangi la maji la lita 1,000 juu ya dari ni tani nzima ya ziada. Mchanga wa pwani msiukubali hata mkipewa bure, kwani chumvi yake hula nondo ndani ya zege kwa miaka kadhaa bila ya mtu kuona, mpaka siku zege linapopasuka.

Kwa hiyo ramani hiyo mpelekeeni mchoraji majengo aliye hapahapa, mwende naye kiwanjani alasiri moja aone jua linapotua na upepo unapotokea, ndipo mwende kuomba kibali. Ikiwa fedha haitoshi kumaliza yote, jengeni msingi na nguzo za nyumba nzima ya chini na juu, mmalize chini, muezeke kwa muda, mhamie. Chini mtakuwa na chumba cha mama mkwe na vyumba viwili vya mbele vya kulala watoto hadi hapo juu patakapokamilika.

SWALI

Mshauri, mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Fuoni, Unguja. Nimeona ramani ya nyumba ndogo ya kikoloni inayoitwa Cape Cod, ya chini tu, lakini paa lake limesimama sana na ndani ya paa mna vyumba viwili vyenye vidirisha vinavyochomoza. Nimefikiri kwamba nitapata vyumba vya watoto bila ya gharama ya kujenga juu. Ni sawa?

Mwalimu, Fuoni

JIBU

Hapana, ndugu yangu, na ninalisema hili kwa kuwa nimewahi kuingia mchana katika chumba cha namna hiyo kilichoezekwa kwa bati, na sikuweza kukaa humo muda wa kunywa kikombe cha chai. Paa lile lilisimamishwa ili theluji iteleze, na vyumba vikaingizwa ndani yake kwa sababu kwenye baridi joto linalopanda juu ni neema. Kwetu joto hilo ni adui. Mtoto hatasoma humo wala hatalala kabla ya usiku wa manane. Isitoshe, kila kidirisha kinachochomoza kinakata paa na kuunda mabonde mawili ambako maji hukusanyika, na masika yetu hutafuta mahali kama hapo.

Mwinuko wenyewe wa paa hauna ubaya, uachieni hewa. Tieni matundu yenye wavu kwenye ncha mbili za paa na chini ya upenu, hewa ya moto itoke na vyumba vya chini vitapoa. Watoto wapate vyumba vyao chini, hata viwe vidogo, vya mita 3 kwa 3, lakini kila kimoja kiwe na madirisha kwenye kuta mbili. Kama kiwanja hakitoshi, kusanya fedha polepole ujenge ghorofa kamili yenye kuta zilizonyooka.

SWALI

Assalaam alaykum. Sisi ni ndugu watatu wa Wete na tumerithi nyumba ya babu iliyojengwa zama za Waingereza, ya mawe na chokaa, kuta zake nene kama mkono mpaka kiwiko, yenye veranda pande mbili. Plasta ya saruji tuliyoipiga miaka michache iliyopita inadondoka na kuta zina unyevu. Kaka yetu mkubwa anataka tuibomoe, tujenge mpya ya sura hiyohiyo ya kikoloni kwa matofali. Unasemaje?

Ndugu watatu, Wete

JIBU

Waalaykumu salaam. Nawasihi msiibomoe. Mnataka kuvunja nyumba halisi ili mjenge mfano wake, na mfano huo utakuwa na kuta nyembamba na joto zaidi.

Unyevu huo umezidishwa na saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua, ndivyo ulivyojengwa uishi. Mkiufunika kwa plasta ya saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi, maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na plasta inasukumwa nje mpaka inadondoka. Bandueni saruji yote taratibu kwa patasi, msitumie nyundo kubwa, kisha mrudishe plasta ya chokaa iliyolowekwa vizuri na mchanga safi usio na chumvi, na juu yake mpake chokaa, si rangi ya plastiki.

Kuhusu maisha ya leo, sioni kinachokosekana ambacho nyumba hiyo haiwezi kupewa. Kama dari zake ni za boriti za mikoko, vyumba vitakuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti hizo kwa kawaida hazivuki zaidi ya mita 3. Msitoboe kuta zinazozibeba ili kupata sebule kubwa. Vyoo na jiko jipya vijengeni nyuma, katika jengo dogo lenye msingi wake lililoachana na ukuta wa zamani kwa nafasi ndogo, ili mabomba na maji yake yasiuguse. Kaka yenu ana haki ya kutaka nyumba yenye choo ndani na umeme uliotulia, na hayo yote yanawezekana humo kwa gharama ambayo naamini mkiikokotoa pamoja na fundi anayejua chokaa, mtaikuta chini ya ile ya kubomoa, kuzoa kifusi na kuanza msingi upya.

Anzeni na paa na mifereji yake kabla ya masika, muone maji ya mvua yanaangukia wapi, na udongo uliolundikana kwenye kuta kwa nje muuchimbe na kuuondoa. Saruji bandueni mvua zikishakatika, kisha kuta ziachwe wazi msimu mzima wa kusi zikauke, ndipo plasta ya chokaa ipigwe.